Zana za Fundi na Macho ya Mnunuzi

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mavazi na lugha. Si ajabu. Hotuba aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Desemba 1962, aliposhika urais wa Jamhuri ya Tanganyika na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, ilieleza kwa uchungu habari za ngoma zetu zilizosahauliwa na vijana waliojifunza dansi za kigeni. Lakini mtu akiitazama Nembo ya Taifa hakuti ngoma. Hukuta shoka na jembe vimepishana, na mkuki umesimama kati yake. Hata chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kiliweka katika bendera yake jembe na nyundo. Zana, basi, zimekuwa mbele ya macho yetu muda wote, ila hatujaziandikia kurasa nyingi kama tulivyoziandikia ngoma.

Katika insha hii nakusudia kuifuata historia ya zana kwa upande ambao hausemwi sana, yaani upande wa mtu anayezinunua. Mengi ya kufikirisha nimeyapata kwa mzee mmoja wa Tabora, mstaafu wa reli, ambaye tangu astaafu amelifanya banda lililo nyuma ya nyumba yake kuwa karakana ya kujifurahisha. Huchonga vigoda, hunoa misumeno ya majirani, na hukusanya zana kuukuu ambazo wengine wangeziuza kwa kilo. Hatozi fedha, na akishurutishwa sana hupokea sukari. Yeye huniita mwanangu, nami humwita baba, ingawa hatuna nasaba.

Kabla ya meli za Ulaya kutuletea majembe, nchi hii ilikuwa na chuma chake. Katika Buhaya, kando ya Ziwa Viktoria, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya matanuri yanayoonyesha kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma kiasi cha miaka 2000 iliyopita. Na mnamo 1976 wazee wa huko waliweza kujenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imekoma kwa miaka mingi. Ufipa kulikuwa na matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu. Haya hayakuvuviwa, hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini na kupanda juu pamoja na joto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kilirudishwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililovuviwa kwa mivukuto, kisha kikapelekwa kwa mhunzi kufuliwa. Katika milima ya Upare, Ugweno, ukoo wa Washana ulishika uhunzi, na kazi za mikono yao ziliuzwa hadi Uchagani. Majembe ya Uzinza nayo yalibebwa kusini hadi Unyamwezi, na Tabora, iliyokuwa njia panda ya misafara, ikayasambaza mbali zaidi.

Jembe la siku zile lilikuwa bapa pana lenye mkia wa kuchomeka katika mpini. Lilikuwa chombo cha kulimia, na papo hapo lilikuwa fedha na mahari. Kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu mzima asiyejua kulipima. Alilitazama unene wake, akaligonga na kulisikiliza, akauliza limetoka kwa nani. Jembe likilika kwa kulima lilirudi kwa mhunzi, likafanywa kijembe cha kupalilia, na mwisho kisu au ncha ya mshale. Mhunzi aliyelifua ndiye aliyelikarabati, na kama lilivunjika msimu wa kwanza, mwenye jembe alijua mlango wa kwenda kubisha. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulipita tunapowasifu wahunzi wa kale: ustadi haukuwa wa mhunzi peke yake. Mnunuzi naye alikuwa mjuzi, na ujuzi wake ndio uliomlazimisha mhunzi kufanya kazi njema.

Utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza ulifungua njia kwa majembe ya kiwandani. Mhunzi aliyechoma mkaa wa miti na kuyeyusha udongo kwa siku nyingi hakuweza kushindana kwa bei na viwanda vilivyochoma makaa ya mawe usiku na mchana. Matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Waliobaki waliacha kuyeyusha wakaendelea kufua tu, wakitumia vyuma vilivyotupwa na wageni. Ni haki kusema kwamba majembe mengi yaliyoletwa hayakuwa mabaya. Kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, iliuza majembe yenye alama ya mamba, na mkulima asiyejua kusoma aliitambua alama hiyo kama anavyoitambua sura ya jirani. Ila tangu hapo mnunuzi alianza kununua picha. Imani iliyokuwa kwa mtu ilihamia kwenye mhuri, na aliyeupiga mhuri huo alikaa mbali kwa safari ya majuma mengi baharini.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo, kwa kuwa huko zana za seremala zilikuwa zimekuja zamani pamoja na watu waliozitumia. Sanduku la fundi wa jahazi ni kama kamusi ya Bahari ya Hindi. Randa ni jina lililosafiri kutoka Uajemi na Bara Hindi. Parafujo tuliachiwa na Wareno, ambao ngome zao zimebaki magofu lakini neno lao bado linakaza bawaba. Msasa, ambao leo ni karatasi yenye mchanga, kwa asili ni mti wenye majani makavu ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kusugulia mbao kabla karatasi hiyo haijaonekana. Kila ninapoliona neno hilo dukani juu ya pakiti iliyotoka ng'ambo, hufurahi kwamba mti wetu umempa jina mgeni.

Lakini zana inayostahili heshima zaidi kuliko zote ni keekee. Msomaji ambaye hajapata kuiona afikirie kipande cha chuma chenye ncha, kimekazwa katika mti wa mviringo uitwao msukano. Juu ya msukano pana kishikio, nacho huitwa jivu, ambamo mti ule huzunguka kwa wepesi. Na uzi wa uta umeuzunguka msukano mara moja. Fundi hulikandamiza jivu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huusukuma na kuuvuta uta, na chuma huzunguka mbele na nyuma kikila mbao pole pole. Wapo waliokicheka chombo hiki kwa kuwa hakina gurudumu la meno wala waya wa umeme. Wangemwuliza fundi wa Nungwi au Bagamoyo, angewaeleza kwamba mbao ngumu ya jahazi ikipigwa msumari bila kutobolewa hupasuka, na jahazi lililopasuka ubao halisameheki baharini. Tundu la keekee humwacha fundi ausikie mti kwa kiganja chake. Baada ya hapo msumari huzungushiwa pamba iliyolowa mafuta, ukapigwa. Viungo vikatiwa kalafati. Na mwisho chombo kikapakwa sifa, yale mafuta ya samaki ambayo harufu yake huwatangulia wenye chombo. Na keekee ikiharibika, fundi hutengeneza nyingine. Sehemu zake zote, isipokuwa ile ncha ya chuma, hutoka mtini na kwenye uzi.

Mzee wangu wa Tabora hakulelewa na keekee. Yeye alilelewa na reli. Njia ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na pamoja na mataruma yake zilikuja karakana, mashine za kukereza vyuma, majiriwa makubwa na tupa za kila namna. Aliingia kazini likiwa bado Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika akajikuta mtumishi wa Shirika la Reli Tanzania, akiwa amesimama mahali pale pale mbele ya jiriwa lile lile. Katika stoo ya zana, asema, kila fundi alikuwa na visahani vya shaba vyenye namba yake. Ukichukua kekee ya mkono au spana kubwa, kisahani chako kilitundikwa mahali pake. Jioni zana isiporudi, ukuta wenyewe ulikushitaki. Zana iliyokufa haikutupwa mpaka ionyeshwe, na mpya haikutolewa mpaka ya zamani ionekane kwa macho.

Huko ndiko alikojifunza kukijua chuma kwa rangi. Patasi mpya ikifuliwa, hupashwa moto hadi iwe nyekundu, ikachovywa. Hapo huwa ngumu lakini kavu kama kioo, ikigongwa hupasuka. Basi husuguliwa ing'ae, ikarudishwa katika moto mdogo, na fundi akaikodolea macho. Rangi ya nyasi kavu hutangulia, ikifuatwa na ya hudhurungi, kisha ya zambarau, na mwishowe ya buluu. Zana ya kukatia huzimwa katika rangi ya nyasi. Springi huachwa hadi buluu, kwa maana yenyewe yatakiwa ipinde na kurudi. Tofauti kati ya rangi mbili ni muda wa kupumua mara chache tu. Na kwa mtu asiyekuwapo wakati wa kufua, ipo njia ya tupa: ukiipitisha tupa nzuri pembeni mwa makali, ikateleza bila kuuma, chuma ni kigumu; ikila kama inavyokula shaba, rudisha dukani. Kwa nini basi elimu nyepesi kama hii isifundishwe kwa mnunuzi wa kawaida? Swali hili mzee ameniuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nami mtumishi wa ofisini sikuwa na jibu la kumpa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, taifa lilikusudia kutengeneza zana zake lenyewe. Kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na mwaka 1975 ikatungwa sheria iliyozaa Shirika la Viwango, TBS, ili alama ya ubora itolewe hapa hapa nyumbani. Mpango huo ulikuwa na busara ndani yake, na waliouasisi hawakuota ndoto za mchana: nchi ya wakulima isiyoweza kufua jembe hukopa hata mvua yake.

Kisha ikaja dhiki. Vita vya 1978 hadi 1979 dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta, na upungufu wa fedha za kigeni vilikausha maduka. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kazi yangu ya likizo ilikuwa kunyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe, kwa vile msumari mpya ulipatikana kwa kibali na kibali kilipatikana kwa kujuana. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilianzishwa kampeni ya kuwasaka walanguzi, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa mavunguni na mashimoni. Wapo wanaoikumbuka miaka ile kwa machungu tu. Mzee huikumbuka pia kama miaka ambayo mikono haikulala. Blani la msumeno uliovunjika lilizaa visu vitatu, tupa iliyokwisha meno ilifuliwa ikawa patasi, na mpini wa nyundo ulichongwa kwa mti uliochaguliwa na kukaushwa darini kwa msimu mzima. Sitaki kuipamba dhiki. Mtu aliyekosa wembe na sabuni hakuhitaji kuambiwa kwamba anajengwa tabia. Lakini ni kweli kwamba katika miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejua kitu kimetengenezwaje, maana bila yeye kingekaa kimevunjika.

Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa milango ilifunguka zaidi. Maduka yalijaa kwa upesi wa kushangaza. Kizazi kilichonyoosha misumari kilisimama mbele ya rafu za bisibisi za rangi rangi kama mtoto mbele ya duka la halua.

Hapa ndipo lilipo tatizo ambalo insha hii inalihusu. Ujuzi wa kuchagua haukuja pamoja na bidhaa. Kwa miaka kadhaa swali la mnunuzi lilikuwa moja tu, kwamba kipo au hakipo. Na mtu aliyezoea kuuliza hivyo haulizi tena kimetengenezwa kwa chuma gani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipoanza kusafiri hadi Guangzhou walikuta viwanda vinavyotengeneza kila daraja, la juu na la chini, kwa bei mbalimbali. Huwa nasikia watu wakiilaumu China kwa patasi zinazojikunja. Lawama hiyo haikai sawa. Nchi ile ile ndiyo iliyotujengea kiwanda cha Ubungo na reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na mataruma yake hayajajikunja. Mwagizaji huagiza anachojua kitanunuliwa, naye anajua kwamba mnunuzi wake ataangalia mng'aro na bei, wala hatatembea na tupa mfukoni.

Mzee alinunua patasi katika duka moja la mjini, nzuri ya kutazama, yenye mpini wa plastiki ya manjano. Siku ya kwanza, juu ya mninga, makali yalikunjika kama bati. Aliporudi, muuzaji alimwonyesha kwa kidole maandishi ukutani, ambayo kila Mtanzania ameyasoma: mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana yule hakuwa na kiburi. Aliamini kwa moyo safi kwamba maandishi yale ni sheria. Ukweli ni kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyokuwapo tangu enzi ya Mwingereza, humpa haki mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia kitu, akamtegemea kumchagulia, apewe kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa za bandia. Lakini tume haiwezi kusimama katika kila duka, na patasi laini si bandia ikiwa haikuiba jina la mtu. Ni patasi duni tu, imeuzwa kwa jina lake halali.

Mzee hakugombana. Alitoa tupa yake mfukoni, akamwomba kijana ruhusa, akampitishia makali ya patasi sita zilizokuwa kwenye rafu, moja moja, wateja wengine wakitazama. Nne tupa ilizila. Mbili iliteleza juu yake, na moja ya hizo mbili ndiyo iliyokuwa na vumbi zaidi na bei ndogo kuliko nyingine. Akaichukua hiyo kwa kubadilishana, na muuzaji, ambaye sasa alikuwa na hamu ya kujua, akauliza tupa ile inauzwa wapi.

Yapo mambo ya zamani yaliyokataa kuondoka. Tumekuwa na mita na kilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini nenda kwa muuza mbao yeyote uone kama hatakwambia mbili kwa nne na moja kwa nane, na hizo ni inchi za Mwingereza zinazoishi bila kibali. Fundi wa kitanda bado hupima kwa shubiri anapotaka kukadiria upesi. Kwa upande mwingine, safari ya jembe lililokwisha imekatika. Zamani lilirudi kwa mhunzi. Siku hizi humwendea mnunuzi wa vyuma chakavu, likapimwa na kwenda kuyeyushwa liwe nondo. Mzee hupita kwa wanunuzi hao kila Jumamosi kabla ya lori kuja. Humo amepata randa ya Stanley ya Marekani isiyokosa kitu ila kisu, na patasi za Sheffield ambazo mhuri wake unasomeka baada ya kusuguliwa kwa mafuta ya taa. Hulipa bei ya kilo.

Wahunzi nao wapo. Gerezani, Dar es Salaam, na katika miji mingi ya mikoani, wanafua kwa springi za malori yaliyokufa. Ni chuma kilichokusudiwa kupinda na kurudi kwa maelfu ya kilomita, na kikipashwa, kikafuliwa na kuchovywa vizuri hutoa tezo na mapanga yanayoshika makali. Mivukuto ya ngozi imepisha feni ya kuzungushwa kwa mkono au ya umeme, na fuawe mara nyingi ni kipande cha reli. Mteja huchagua mwenyewe jani la springi katika lundo, ligongwe alisikie. Bei hupatanwa kabla ya moto kuwashwa. Seremala aliyemleta mzee kwa mmoja wa wahunzi hao alitaka tezo ya kuchongea mizinga ya nyuki. Alisimama kando ya moto tangu mwanzo hadi chuma kilipoonyesha rangi ya nyasi, akasema sasa, na mhunzi akachovya.